Mikono ya Mama Ikiwa Udongoni: Malezi ya Watoto Wadogo katika Milima ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mara nyingi mtu akitumwa kukusanya habari za utamaduni katika Mkoa wa Ruvuma, hurudi na ngoma. Hurudi na lizombe, na mganda, na kioda ya akina mama wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Hurudi pia na mikuki, ngao, vyungu na majina ya machifu. Mambo hayo ni mema na yanastahili kuhifadhiwa. Lakini mimi sijapata kuona daftari hata moja la mkusanyaji lililoandika ni nani aliyekuwa amemshika mtoto wakati mama yake akiicheza hiyo kioda.

Vitabu vya historia navyo vina desturi hiyo hiyo. Tunasoma kwamba tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliingia kwa ghafla katika bandari ya Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ikaishambulia meli yao Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Wanafunzi wetu hufundishwa kuwa hayo yalikuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza kabisa ya vita vile katika Afrika ya Mashariki, nayo ni kweli. Asubuhi hiyo hiyo, pale pale Liuli, watoto wadogo waliamka na njaa kama kawaida yao, na palikuwapo mtu wa kuwakorogea uji. Mtu huyo hakuandikwa.

Insha hii haikusudii kuzifuta meli. Inakusudia kueleza historia ya kazi moja ambayo haikukoma hata siku moja ya vita wala ya amani, yaani kazi ya kuwalea watoto wadogo watatu, wanne au watano katika nyumba ambayo mama yao ndiye mkulima wake mkuu. Swali langu ni moja tu: mikono ya mama ikiwa udongoni, mtoto alikuwa mikononi mwa nani?

Msomaji asiyeifahamu Mbinga hana budi kuijua kwanza kazi yenyewe ya shamba, maana malezi ya watu hawa yalifuata jembe. Ziwa Nyasa limelala katika kimo cha mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima ya Umatengo iliyo nyuma yake inapanda hata kukaribia mita 2,000. Ni nchi ya miteremko mikali, mabonde membamba na vijito vingi. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walipoingia kutoka kusini kwa nguvu ya silaha, Wamatengo walijikusanya milimani, wakawa wengi juu ya ardhi ndogo. Huko ndiko kilimo cha ngoro kilikokuwa tegemeo lao la maisha.

Ngoro hutengenezwa hivi. Mnamo Februari na Machi, ardhi ikiwa bado ina unyevu, wanaume hufyeka majani kwa nyengo, kisha wakayapanga katika mistari inayokatana hata ikafanya miraba, kila mraba upana wake kama mita moja na nusu au mbili. Hapo kazi ya mwanamume huwa karibu imekwisha. Mwanamke huingia na jembe, akachimba udongo katikati ya kila mraba na kuutupa juu ya majani pande zote nne, hata pakabaki shimo lililozungukwa na matuta. Juu ya matuta hupandwa maharage. Mwishoni mwa mwaka hupandwa mahindi katika matuta hayo hayo. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni badala ya kuteremka mbio na kuondoka na udongo. Ukisimama ng'ambo ya bonde ukatazama, mlima mzima unafanana na sega la nyuki.

Wataalamu wa kilimo kutoka nchi nyingi wamekwenda kuyatazama mashimo hayo na kuyasifu, na sifa hiyo ni ya haki. Ila katika maandishi yao shimo lina upana na kina, udongo una aina yake, na mvua ina kipimo chake. Mchimbaji, aghalabu, hana mtoto. Nami nimekulia katika mashamba hayo na ninajua kuwa mchimbaji alikuwa na mtoto. Tena alikuwa na mmoja mgongoni, mmoja anayetambaa, na mmoja wa miaka mitatu anayelia kwa kuwa ameachishwa ziwa. Jembe la mteremkoni hulimwa mtu ameinama sana, na mbeleko humteremshia mtoto shingoni. Mama aliweza kulima saa moja au mbili akiwa na mtoto mgongoni. Hakuweza kulima kutwa.

Kwa hiyo palihitajika yaya. Neno hili mijini lina maana ya mtu anayeajiriwa kwa mshahara. Nyumbani kwetu yaya hakuajiriwa. Alikuwa ni mtoto wa kike wa miaka sita au saba, dada wa huyo anayelelewa. Kama nyumba haikujaliwa msichana wa umri huo, aliazimwa wa shangazi au wa mama mdogo, akaja kukaa msimu mzima. Na kama hakupatikana wa kuazimwa, mvulana alifanya kazi hiyo mpaka alipokuwa mkubwa wa kutosha kuchunga mbuzi. Yaya alifungwa mtoto mgongoni kwa kipande cha nguo, akapewa kata ya uji, akaonyeshwa kivuli cha migomba pembezoni mwa shamba. Hapo akaachiwa madaraka ambayo leo tungeyaogopa kumwachia mtu mzima.

Tusidhani kwamba kazi hiyo haikuwa na elimu. Yaya alijifunza kuitambua kilio cha njaa na kukitenganisha na kilio cha usingizi, maana akimpeleka mtoto kwa mama bila sababu alikemewa kwa kuikatiza kazi, na akichelewa kumpeleka alikemewa zaidi. Alijua kuupima joto la uji kwa ulimi wake. Alijua kwamba yule wa miaka mitatu asiposhughulishwa atakwenda mtoni, kwa hiyo alimtuma vijiti, akamjengea nyumba ya mabua, akamfundisha kuhesabu punje. Michezo mingi ya watoto ambayo leo tunaiita sehemu ya utamaduni wetu ilitungwa na watoto wa miaka saba waliokuwa kazini.

Tena mpango huo ulikuwa na hesabu yake, ingawa wazee hawakuitamka kama hesabu. Wazee walikataza mama kushika mimba nyingine kabla mtoto hajatembea vizuri na kuacha ziwa. Aliyeuvunja mwiko huo alisemwa hadharani kuwa amembemenda mwanawe, na hapakuwa na aibu kubwa kuliko hiyo kwa watu wa ndoa. Watu wa dawa za kisasa waliucheka mwiko huo kwa muda mrefu. Lakini hebu tazama: watoto wakipishana kwa miaka mitatu, siku anapozaliwa wa tatu, wa kwanza ana miaka sita. Yaya yuko tayari. Anapozaliwa wa nne, wa kwanza ana miaka tisa na wa pili ana sita. Yayas wawili wamekwisha kupatikana katika nyumba moja bila kuazima kwa jirani. Mwiko ulioonekana kuwa ni wa chumbani ulikuwa pia ni kanuni ya shambani.

Juu ya yaya alikuwapo bibi. Mtoto aliyeachishwa ziwa alihamia kulala kwa bibi yake, akapata huko joto, hadithi, na kiazi kilichofukiwa majivuni. Bibi hakuwa na nguvu za kuchimba ngoro, lakini alikuwa na nguvu za kukaa na watoto, na kukaa na watoto ni kazi. Hapa Kiswahili chetu kinanifurahisha, kwa maana kinatumia neno moja, ulezi, kwa kazi ya kulea na kwa ile nafaka ndogo nyekundu ambayo uji wake ndio uliokuwa chakula cha mtoto katika nchi hizi tangu kabla mahindi hayajatawala. Sitaki kudai kuwa maneno hayo mawili ni ndugu. Wanaojua asili ya maneno na waseme. Bibi yangu aliyachukulia kuwa ni neno moja.

Palikuwapo pia sengu. Watu wa ukoo mmoja waliokaa katika ntambo moja, yaani katika mgongo mmoja wa mlima kati ya vijito viwili, walikusanyika jioni kwa mzee wao na kula pamoja. Kila mke alipika nyumbani kwake na kupeleka sahani yake kwenye kundi. Hapo ndipo mashauri yalipoamuliwa, vijana walipofunzwa adabu, na wageni walipopokelewa. Waliopata kuandika habari za sengu wameisifu hasa kama baraza la wazee. Mimi ningeomba tuitazame pia kama jiko. Katika chakula cha pamoja, mtoto wa mama mgonjwa alikula. Mtoto wa mjane alikula. Mtoto ambaye mama yake alirudi shambani jua limezama, asiweze tena hata kuwasha moto, alikula vile vile kama wengine. Ule uzito ambao ungemwangukia mwanamke mmoja uligawanywa kwa wengi, na hakuna aliyeambiwa kwamba ni maskini anayepewa msaada. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Katika Umatengo mkono wa pili ulikuwa ni wa msichana mdogo, wa tatu wa bibi, na sengu ilikuwa mikono iliyobaki.

Ukiteremka kutoka milimani kwenda Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, mambo yanabadilika pamoja na hewa. Huko ni nchi ya mihogo, mpunga na samaki. Baba huenda ziwani usiku na kulala mchana, kwa hiyo nyumba ya mvuvi inatakiwa iwe kimya wakati ule ule ambao watoto wanapenda kelele. Nimesikia akina mama wa mwambao wakisema kwamba hilo peke yake ni kazi ya kutosha. Mihogo hulowekwa, huanikwa, hutwangwa. Dagaa huanikwa juani, na watoto hukaa karibu na vichanja kuwafukuza kunguru, wakiwa wanalinda kitoweo na kulindana wao kwa wao. Mchanga ndio uwanja wao wa michezo na ziwa ndilo bomba lao la maji, bafu lao na hatari yao. Yaya wa milimani aliogopa moto na maporomoko. Yaya wa mwambao aliogopa mawimbi, na katika midomo ya mito aliogopa mamba. Homa ya malaria, ambayo kule juu penye baridi ilikuwa haba, huku chini ilikuwa mwenyeji wa kila nyumba. Kwa upande mwingine mtoto wa mwambao alipata samaki, chakula ambacho mwenzake wa milimani alikipata pale tu mtu alipopanda na mzigo wa dagaa kichwani na kuubadilisha kwa mahindi na maharage. Biashara hiyo ya njia za miguu, ambayo haina hata ukurasa mmoja katika vitabu vya shule, ilikuwa ikiwalisha watoto wa pande zote mbili.

Utawala wa kigeni haukuja kuvunja malezi haya kwa makusudi. Ulikuja kutafuta kodi. Baada ya Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na njaa iliyowafuata watu wa Ungoni, wilaya ya Songea, ambayo Mbinga ilikuwa sehemu yake, ikawa mojawapo ya ghala za wafanyakazi. Wanaume waliondoka kwenda manamba katika mashamba ya mkonge, na wengine wa mwambao walivuka mipaka kwenda migodini kusini. Waliporudi walileta blanketi, sufuria na habari za mbali. Katika muda wa kuwangoja, mwanamke alifyeka mwenyewe, akapanga majani mwenyewe, akachimba mwenyewe. Na yaya wake akazidi kuwa wa lazima.

Kahawa, iliyoingia milimani katika miaka ya 1920, iliwapa Wamatengo njia ya kulipa kodi bila kuondoka nyumbani. Kwa hilo kahawa ilikuwa rehema, na nyumba nyingi za matofali pamoja na karo za shule nyingi zimetokana nayo. Lakini kahawa ilikuwa ni ya mwanamume, na fedha yake ilikuwa ni ya mwanamume, ilhali kuchuma, kuosha na kuanika kuliongezwa juu ya ratiba ya mwanamke ambayo ilikuwa imekwisha kujaa ngoro. Kila mwenye mibuni alianza kuhesabu chake. Nyumba moja moja zikaanza kula peke yake, na sengu ikadhoofika polepole, kwanza kama jiko, halafu kama baraza. Hapakuwa na siku ambayo mtu alitangaza kuwa sengu imekufa. Watu waliacha tu kupeleka sahani.

Wamisionari nao waliingia katika habari hii. Wabenediktini walijenga Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, na baadaye wakafika Litembo. Waanglikana, waliotokea kisiwa cha Likoma, walishika mwambao na kuifanya Liuli kituo chao. Walileta hospitali, na hospitali ziliokoa watoto wengi na akina mama wengi. Ni nani atakayelikana hilo? Walileta pia shule, na shule ndiyo iliyouliza kwa mara ya kwanza swali ambalo lingekuja kuwa kubwa: yule msichana wa miaka saba aende darasani au abaki na mtoto? Kwa muda mrefu jibu la wazazi wengi lilikuwa kwamba aende kaka yake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, watu wachache katika mkoa huu waliliona tatizo hili mapema kuliko wengi. Katika kijiji cha Litowa, wilayani Songea, ambako Chama cha Maendeleo cha Ruvuma kilianzia chini ya uongozi wa Ntimbanjayo Millinga, wanakijiji walilima kwa pamoja, wakaona mara moja kwamba kilimo cha pamoja kinadai malezi ya pamoja, wakaweka mahali pa kuwatunza watoto wadogo wakati mama zao wako shambani. Chama hicho kilivunjwa tarehe 24 Septemba 1969. Mabishano kuhusu sababu za kuvunjwa kwake hayajaisha mpaka leo, nami siyafungui hapa. Ninataja tu kwamba kati ya mambo yaliyopotea siku ile lilikuwamo wazo hilo dogo la kuwalea watoto pamoja.

Taifa zima nalo lilifanya juhudi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vyoo vikachimbwa nchi nzima. Mwaka huo huo Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wananchi wa Ruvuma walisikiliza kama wengine, wakaambiwa mtoto anahitaji mboga, maharage, samaki na maziwa. Walikuwa wanajua. Maharage walikuwa nayo magunia kwa magunia.

Hapa tunafika kwenye fumbo lenyewe. Katika miaka ya 1970 na 1980 mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ilisifiwa kuwa ndiyo inayolisha taifa. Serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchini kote, mbolea ikateremka bei, na malori yakapanda milimani kuchukua nafaka. Katika mikoa hiyo hiyo wapimaji wa afya walikuta watoto wengi waliodumaa kuliko katika sehemu nyingi zilizokuwa na chakula kidogo. Wageni walisema akina mama hawana elimu. Wengine walisema ni uvivu. Uvivu, kwa watu wanaochimba mlima mzima kwa jembe la mkono!

Jibu lilianza kuonekana katika mkoa jirani wa Iringa, ambako kuanzia mwaka 1983 mpango wa lishe uliendeshwa katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, na wanakijiji wenyewe wakakaa kuulizana kwa nini huyu amepungua. Walipoulizana vizuri waligundua kwamba mara nyingi chakula kilikuwamo ndani ya nyumba, ila mtu wa kumlisha mtoto hakuwamo. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi yake. Hawezi kula ugali mara mbili kwa siku kama baba yake na akashiba. Anahitaji kulishwa mara nne au tano. Mama ameondoka alfajiri, atarudi saa nane mchana akiwa na kuni kichwani. Uji ulioachwa umepoa na kuganda. Ukiongezwa maji unakuwa mwepesi, unajaza tumbo na haumjengi mtoto. Na miezi ya kazi kubwa ya ngoro ni miezi ile ile ambayo ghala limepungua na mvua imeleta homa. Mtu akipenda kujua kwa nini mtoto wa Mbinga alipungua mwezi wa Machi, aangalie mama yake alikuwa anafanya nini mwezi wa Machi.

Katika miaka hiyo ya 1980 wataalamu wetu wa lishe walianza kuwahimiza akina mama watie unga kidogo wa kimea katika uji mzito. Kimea huulainisha uji bila kuongeza maji, ukanyweka hata na mtoto mdogo huku ukibaki na nguvu zake. Lilikuwa ni jambo zuri, tena lilitoka jikoni mwetu, kwa kuwa kimea cha ulezi kilikuwa kikitengenezwa na bibi zetu kwa ajili ya pombe tangu zamani. Lakini hata uji wa kimea hauendi wenyewe kinywani mwa mtoto.

Wakati huo huo yaya alikuwa amekwisha kuondoka. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe shuleni, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaufanya uandikishaji kuwa ni lazima. Katika historia ya nchi yetu sijui uamuzi uliomgusa mtoto wa kike wa kijijini kuliko huo, na mtu atakayeniambia kuwa ulikuwa ni kosa hatanipata. Ninachosema ni kwamba siku yule msichana alipotoka kwenda darasani, aliiacha kazi nyuma yake, na kazi hiyo haikuandikwa katika mpango wowote kwa kuwa haikuwa imeandikwa popote tangu mwanzo.

Ninalijua hilo kwa kuwa niliandikishwa darasa la kwanza mwaka 1978, nikiwa na miaka minane, siku moja na dada yangu aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, na baada yangu aliwabeba wawili wengine. Tulikaa dawati moja. Alinishinda katika hesabu, jambo ambalo halikunishangaza, kwa maana ndiye aliyenifundisha kuhesabu punje chini ya migomba. Ulipofika mwezi wa Machi mdogo wetu wa mwisho alikuwa na miezi mitano. Mama alimchukua mgongoni kwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili dada hakuja shuleni. Aliporudi mwezi wa Mei aliadhibiwa mbele ya darasa, na katika daftari la mahudhurio, penye jina lake, mwalimu alikuwa ameandika mtoro. Mwaka uliofuata ikawa vivyo hivyo, na mwaka wa tatu hakurudi tena. Mimi niliendelea hata nikafika sekondari. Simlaumu mwalimu, aliandika neno ambalo daftari lilimruhusu kuandika. Ninaona haya tu kwamba mimi niliyekaa dawati moja naye sikusema alikokuwa.

Mwaka 1981 Bunge lilipitisha sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Umoja wa Wanawake ulihimiza vituo hivyo, na vijiji kadhaa vikavifungua chini ya miti au katika ofisi za kijiji. Kila mama alileta unga kidogo na kuni. Vingine vilidumu. Vingi vilikufa katika miaka ya shida iliyofuata, mlezi wa kituo alipokosa posho na sufuria lilipotoboka. Aliyepewa kazi ya kuwatunza watoto thelathini kutwa nzima alidhaniwa kuwa angeweza kuifanya bure, kwa sababu watoto wa miaka saba walikuwa wameifanya bure siku zote.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012, na barabara ya lami ya kilomita 66 sasa inateremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, ikipita karibu na njia ambazo dagaa na maharage yalipishana vichwani mwa watu. Chanjo zimeiondoa surua katika orodha ya mambo ambayo mama huyahesabu kabla ya kumpa mtoto jina. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016, watoto 44 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Ruvuma walikuwa wamedumaa, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 34. Mwaka 2022 Ruvuma ilikuwa imeshuka hadi kama 36, na nchi nzima 30. Ni maendeleo. Lakini mahindi ya Ruvuma bado yanapakiwa kwenda kulisha mikoa mingine, na bado katika kila watoto watatu wa mkoa huo mmoja na zaidi hajafikia kimo chake. Mwishoni mwa mwaka 2021 serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, na vituo vya watoto wadogo vikaanza kutajwa tena, karibu kwa maneno yale yale ya mwaka 1981.

Ngoro zinachimbwa bado. Mwezi wa Machi uliopita nilikwenda nyumbani, nikamkuta dada yangu nyuma ya nyumba na wajukuu wanne, mkubwa wao akiwa hajafika umri wa shule. Mama zao walikuwa mteremkoni tangu alfajiri. Sufuria ya uji ilikuwa jikoni, na nilipouliza akaniambia kuwa hiyo ni mara ya tatu tangu asubuhi, na kwamba ametia kimea. Nikamweleza kuwa nimeombwa kuandika habari za malezi ya zamani katika kitabu cha utamaduni.

"Za mbeleko nazo utaziandika, mdogo wangu?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Nitaziandika, dada."

Hakusema zaidi. Alimwinua yule mdogo kabisa, akamweka mgongoni, akaikaza nguo kifuani kwa fundo moja, akaenda kuuangalia uji.